Aliyechakachua na Aliyechakachuliwa

Mjukuu wangu, kwanza tuelewane: sikukuita nikugombeze. Umri wa kugombeza nimeshauvuka, na sauti yenyewe haitoshi tena. Nimekuita tuzungumze juu ya neno moja, hilo mnalolitumia pale mashineni mnapokoboa mpunga, tangu asubuhi mpaka mnapofunga, mnalisema huku mnacheka, na wanunuzi nao wanacheka pamoja nanyi. Kuchakachua. Nimelisikia mara nyingi mdomoni mwako msimu huu, na naona hakuna mkubwa aliyewahi kukuketisha akakueleza lilifikaje hapa Viwanja Sitini, mtaani kwetu Ifakara, na lilikuwa linauma vipi lilipokuwa changa.

Sitakuambia usiliseme. Wazee hawana mamlaka ya kupiga marufuku maneno, na wangekuwa nayo mngekuwa bado mnasema ya mababu zenu peke yake. Mtaa wetu huu umebaki na jina la sitini wakati nyumba zilishaipita hesabu hiyo zamani, na hakuna aliyedhurika. Yapo maneno yanayobadilika hivyo, kimya kimya, bila kumuumiza mtu. Hili la kwenu limebadilika kwa namna inayoninyima usingizi, kwa hiyo nivumilie nilieleze tangu mwanzo.

Lilikuja na mafuta. Miaka ya kuelekea 2010, bei ya mafuta ya taa ilikuwa chini kuliko ya dizeli na petroli, kwa sababu serikali iliyatoza ushuru mdogo. Ndiyo yaliyokuwa yakiwasha koroboi na majiko ya watu wasio na umeme. Wenye tamaa wakaitazama tofauti ile ya bei wakaona ni mtaji. Mtu anachukua dizeli, anaimiminia mafuta ya taa, anauza yote kwa bei ya dizeli. Mwingine anachukua mafuta ambayo hayakutozwa kodi kwa kuwa yanapita tu kwenda nchi jirani, anayashushia humu humu nchini. Kazi hiyo ndiyo watu walioiita kuchakachua.

Waulize mafundi wa zamani wa pale Kibaoni watakuambia ilivyokuwa. Dizeli yenyewe ndiyo inayolainisha pampu ya injini. Mafuta ya taa ni makavu. Yakizidi, pampu inasagika na nozo zinakufa. Ukiyatia kwenye petroli, plagi zinajaa masizi, moshi unatoka, injini inagonga. Niliwahi kupanda lori lililotoka Kidatu, kipindi cha mvua, barabara yote tope, likazimika tulipoipita Kiberege. Fundi alikuja kwa baiskeli. Akafungua nozo moja, akaipangusa kwa kitambaa, akainusa, akamtazama dereva bila kusema kitu. Dereva akakaa chini kwenye nyasi, akasema, “Nimechakachuliwa.” Alikuwa amebeba mizigo ya watu na pesa ya kununua nozo hakuwa nayo. Abiria hakuna aliyecheka.

Litazame neno alilosema, mjukuu wangu. Hakusema kuchakachua, alisema nimechakachuliwa. Ndivyo tulivyolipata sisi, likiwa limevaa vazi la kutendwa. Lilitoka kinywani mwa aliyeumizwa: mwenye lori, mwenye pikipiki, mwenye mashine ya kukoboa ambayo injini yake imekufa katikati ya msimu na foleni ya wakulima iko nje na magunia yao. Aliyefanya kitendo chenyewe alikuwa hana neno. Alikuwa anakifanya usiku, kwenye ghala au kando ya barabara, na asubuhi anavaa shati safi anakaa nyuma ya meza. Hukumsikia hata mmoja akisimama hadharani kusema, “Mimi nimechakachua.”

Sikio letu lililikubali neno hili haraka. Mwisho wake tunaujua: kupanga na kupangua, kuziba na kuzibua, kufunga na kufungua, kote huko tunatengua kilichokuwa kimekaa sawasawa. Mwanzo wake unasikika jirani na kuchakaa. Kwa hiyo hata bibi ambaye hajawahi kushika usukani, alipolisikia mara ya kwanza redioni alijua kuna kitu kizima kimeharibiwa na mtu. Halafu likazaa kama vitenzi vyote vya nyumbani. Tukapata uchakachuaji, tukapata mchakachuaji, tukapata na kuchakachulia.

Sasa sikiliza dawa iliyotolewa dhidi ya uchakachuaji ule wa mafuta, maana hapa ndipo nataka ukae kidogo. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta, yaani kemikali ya kuyatambulisha, ili mkaguzi akifika kituoni apime na kujua kama yameguswa. Vinasaba peke yake havikutosha. Bajeti ya mwaka 2011/12 ikaupandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi zaidi ya shilingi 400, ili ile tofauti ya bei iliyokuwa inawatia watu tamaa ifutike. Kama hesabu, ilikuwa hesabu nzuri. Ukiondoa faida umemwondoa mchakachuaji.

Lakini nani alilipa? Bonde letu hili linatoa umeme. Kidatu kuna mitambo ya megawati 204, na Kihansi kuna ya megawati 180. Nyaya zinapita juu ya vichwa vya watu kwenda mijini, na chini yake miaka ile vijiji vingi vilikuwa vinawasha koroboi. Bibi yako, mama yake mama yako, alikuwa anatuma mtoto dukani na kichupa cha dawa ya kikohozi akapimiwe mafuta ya taa. Bei ilipopanda hakubadilisha kichupa. Alibadilisha muda wa kuwasha. Taa ilizimwa wajomba zako wadogo wakiwa bado na daftari mbele yao. Mtu ambaye hajawahi kugusa dizeli maishani mwake alilipia kosa la mtu aliyechanganya dizeli mbali huko, asiyejulikana jina wala sura. Nakuambia haya ili ujue neno hili lilipokuwa bado linamaanisha kitu kimoja lilikuwa na uzito gani. Kitendo kile hakikuishia kwa aliyenunua mafuta.

Halafu ukaja uchaguzi. Tarehe 31 Oktoba 2010 tulipiga kura. Jakaya Kikwete wa CCM akatangazwa mshindi, Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA akakataa kuyatambua matokeo, na mitaani waliokuwa na malalamiko walisema kura zimechakachuliwa. Mimi sikukuita tuamue nani alikuwa na haki mwaka ule. Ninachotaka uone ni kwamba neno la kituo cha mafuta lilipanda jukwaani ndani ya muda mfupi, na lilipopanda halikupoteza maana yake. Aliyelisema alikuwa anasema: kulikuwa na kitu safi, kimetiwa kisicho chake, na mimi ndiye niliyeuziwa. Mwaka 2014 likatumika tena hivyo hivyo. Rasimu ya katiba ya tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza serikali tatu. Katiba Inayopendekezwa iliyopitishwa na Bunge Maalum mwezi Oktoba ikabaki na serikali mbili. Waliokasirika walisema rasimu imechakachuliwa. Unaweza kukubaliana nao au kukataa, lakini kitenzi kilikuwa bado kiko upande wa anayelalamika.

Lilianza kugeuka mahali ambapo hatukuwa tunapaangalia. Miaka hiyo hiyo vijana walianza kununua modemu za kuingilia intaneti, vile vijiti vya kuchomeka kwenye kompyuta. Kampuni za simu zilikuwa zimezifunga, kila modemu itumie laini ya kampuni yake tu. Wakatokea mafundi wenye akili wanaozifungua zikakubali laini yoyote, na kazi hiyo nayo ikaitwa kuchakachua. Mtu anauliza, “Unaweza kunichakachulia modemu?” Anajibiwa ndiyo, na bei inatajwa. Hapo ndipo, kwa kadiri nilivyofuatilia mimi, mtendaji alipojitokeza kwa mara ya kwanza akiwa na uso wake na kibao mlangoni. Na simlaumu fundi huyo kwa hilo, wala mteja wake. Kijana aliyenunua modemu kwa pesa yake akataka kuitumia apendavyo, sioni aliyempunja. Lakini neno lilishaonja kusifiwa, na neno likishaonja kusifiwa halirudi tena lilikotoka.

Tangu hapo likafunguliwa milango yote. Fundi wa pikipiki akibadilisha ekzosi ipige kelele, amechakachua. Mpishi akikosa nazi akatia maziwa, amechakachua. Mtu akichukua mke wa mwenzake, amechakachua. Mwanafunzi akiingia na karatasi ya majibu kwenye soksi, amechakachua. Aliyekata foleni hospitali, aliyeongeza sifuri kwenye risiti, aliyepunguza umri ili achezee timu ya vijana, wote kitenzi kimoja. Kinawabeba wote sawasawa, na wote wakishuka wanacheka.

Mjukuu wangu, Kiswahili hakikuwa na upungufu wa maneno hapo. Aliyetengeneza cheti cha uongo tulisema ameghushi, na ndivyo sheria inavyosema mpaka leo. Mwezi Aprili 2017 Rais Magufuli alipokabidhiwa Dodoma majina ya watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, walipoteza kazi chini ya kitenzi hicho, na kilikuwa kitenzi kinachojua kinasema nini. Aliyepunguza kipimo tulisema amepunja. Aliyesema lisilo kweli ili apate kitu tulisema amelaghai. Aliyechukua kisicho chake tulisema ameiba. Kila neno lilikuwa na mtu wake aliyeumia na lilikuwa na adhabu yake. Ukisikia “amepunja” unajua hapa kuna mizani na kuna mnunuzi, ukisikia “ameghushi” unajua kuna karatasi na kuna mtu aliyenyimwa nafasi yake. Leo mtoto wa darasa la saba hapa mtaani akiulizwa maana ya kupunja anababaika. Kuchakachua analijua tangu hajaanza shule.

Nimeyaona haya yakitokea kwa neno jingine, ndiyo maana nayatambua. Mwaka 1983, mimi nikiwa kijana wa umri wako au kuzidi kidogo, nchi ilikuwa imekaukiwa. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha lakini maduka hayakuwa na kitu. Hata sisi tulio karibu na miwa ya Kidatu, sukari tuliipangia foleni. Waziri Mkuu Edward Sokoine akatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, na sheria ikatungwa. Mlanguzi ni mtu anayelangua: ananunua bidhaa nyingi, anaificha mpaka watu wakate tamaa, kisha anaitoa kwa bei anayotaka. Wewe huwezi kujua neno hilo lilikuwa na joto gani. Watu walitupa vitenge na sabuni porini usiku ili wasikutwe nazo. Mtoto akiambiwa shuleni “baba yako mlanguzi” alirudi nyumbani akilia. Wapo walioonewa katika msako ule, sitaficha, kwa sababu neno lenye moto likishikwa na mtu mwenye chuki humchoma asiye na kosa. Sokoine akafariki kwa ajali ya gari Aprili 12, 1984, pale Dakawa, mkoani kwetu hapa, na sisi tuliomlilia tulikuwa wengi.

Leo sema “mlanguzi” pale sokoni uone kama kuna anayegeuka. Jirani zetu wa Kenya wamelihamishia kwa wauza dawa za kulevya, kule bado lina makali. Kwetu limebaki kwa wauza tiketi za mpira na kwa wazee. Wanaonunua mpunga Mei na Juni, mkulima akiwa na shida ya ada na deni la trekta, wakauweka ghalani mpaka Februari, hawaitwi hivyo tena. Labda hawastahili kuitwa hivyo, biashara ya kuhifadhi ina hatari zake na gharama zake. Lakini hata yule anayestahili hatuna tena neno la kumwita, na yeye anajua kwamba hatuna.

Kuna lile la kutumbua pia. Akinamama wanaouza kambale na perege wamekuwa wakitumbua samaki tangu sijazaliwa. Novemba 2015 Rais Magufuli akasema bungeni atayatumbua majipu, na kabla mwaka mwingine haujafika katikati, kutumbuliwa kulishakuwa kufukuzwa kazi. Nalitaja kwa sababu moja tu. Lile limebaki na woga wake kwa sababu anayetumbuliwa anaonekana, anatajwa kwenye taarifa ya habari, mkewe anaulizwa na majirani. Anayechakachuliwa haonekani. Ndiyo maana ni rahisi kucheka.

Basi sasa tuje kwako.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi pale nje ya mashine nikisubiri pumba za kuku wangu, ukanipita na mwenzako mkiwa mmebeba gunia. Nilikusikia ukisema, “Ule mchele wa mama wa stendi nimeuchakachua kidogo.” Kidogo. Mwenzako akakupiga bega, mkaendelea na kazi. Hukuwa na nia ya kunificha, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko kitendo chenyewe. Ungenong'ona ningejua bado kuna kitu ndani kinakukataza.

Nilingoja mkaenda kula nikachota kiganja kwenye lile gunia. Macho yangu ni mabovu lakini mchele siuoni kwa macho peke yake. Nimezaliwa kwenye mchele. Supa ina punje ndefu, inang'aa kama imepitishwa maji, na ukiisugua viganjani harufu inakuja kabla hujaipeleka puani. Katikati yake nikaona Saro, punje zenye umbo jingine, na chini nikakuta chenga zaidi ya zile zinazoanguka zenyewe kwenye kukoboa. Nikatia punje moja mdomoni nikaiuma. Mchele mkavu hukatika kwa mlio. Ule ulinywea chini ya jino. Ulikuwa umenyunyiziwa maji, uongeze uzito.

Usinielewe vibaya kuhusu Saro. Saro 5 ni mchele mzuri, mbegu iliyofanyiwa kazi hapa hapa Ifakara kwenye kituo cha utafiti cha KATRIN, ikatolewa kwa wakulima mwaka 2002, na imewatoa wengi kwenye njaa kwa sababu inazaa kuliko Supa. Aliyeipanda hana cha kuficha. Kosa halianzi pale unapochanganya. Linaanza pale unapochukua bei ya Supa.

Na yule mama wa stendi, hebu nikupeleke jikoni kwake, maana nina hakika hujafika. Anaamka saa tisa usiku. Sufuria yake ni ya kilo kumi. Maji anayapima kwa mkono kwa kuwa anaijua Supa kwa miaka mingi, anajua inakunywa maji kiasi gani na moto gani. Ukimchanganyia, punje moja inaiva kabla ya nyenzake. Akiongeza maji kwa ajili ya zile ngumu, zile laini zinageuka bokoboko. Akiyapunguza, wali una kiini. Zile chenga ndizo zinazoshika chini ya sufuria. Wateja wake ni makondakta na abiria wa mabasi ya Dar es Salaam na Mahenge, hawana muda wa kuuliza mchele umetoka kwa nani. Wanasukuma sahani, wanahamia kwa mwenzake wa jirani, na kesho yake hawarudi. Ule mchele uliobaki kwenye gunia, kwa sababu ya unyevu, baada ya wiki unaanza kunuka uvundo. Hajui amekosea wapi. Anajilaumu mwenyewe, anamlaumu binti anayemsaidia. Hana hata lile neno la dereva wa Kiberege la kusemea, kwa kuwa yule dereva alikuwa na fundi wa kumnusia nozo, na huyu hana.

Umeona neno lilivyohama? Mwaka 2010 lilikuwa mali ya mtu kama yule mama. Kwa neno hilo aliweza kusimama akasema kitu ametendewa. Sasa limehamia kwako. Wewe ndiye unayesema nimechakachua, na yeye amebaki hana la kusema, maana hata akilalamika kwamba amechakachuliwa watu watamwambia, “Ah mama, nani hachakachui siku hizi?” Mmechukua mchele wake mkachukua na neno lake la kulalamikia.

Najua utakachoniambia. Utasema bosi ndiye anayetaka, na wewe ni kibarua wa kulipwa kwa gunia. Utasema wanunuzi wanaotoka mjini nao wanakuja na debe walilogonga kitako mpaka likatuna ili limeze zaidi, wanataka mkulima afunge lumbesa, gunia lililopita kipimo, wakati Sheria ya Vipimo inaikataza na Wakala wa Vipimo wanaipigia kelele kila msimu. Utasema mchele wetu ukifika Dar es Salaam wako wanaouandika jina la Kyela wauze ghali, kwa hiyo kila mtu anachakachua na wewe ni wa mwisho kwenye mstari. Yote hayo ni kweli na mengine nayajua kukuzidi. Lakini sikiliza ulivyoyasema. “Kila mtu anachakachua.” Jaribu kuyasema kwa maneno yaliyokuwepo. Sema: mnunuzi anampunja mkulima, muuza mchele wa mjini anawadanganya wateja wake, na mimi namwibia mama ntilie. Yanakwama kooni, sivyo? Umeona kumbe kitenzi hiki ndicho kilichokuwa kinayalainisha.

Mimi nimechoka, mjukuu wangu. Nimesema maneno kama haya kwa baba yako kuhusu mambo mengine, nikasema kwa wajomba zako, na kuna siku nilidhani nimemaliza. Wala sitegemei Ifakara nzima iache kusema kuchakachua kwa sababu mzee mmoja anayesubiri pumba hakupendezwa. Litaendelea kusemwa, litapata maana nyingine ambazo sitakuwepo kuzisikia, na pengine siku moja litakuwa neno la kupikia tu, la kusema nimeongeza chumvi. Likifika huko salama, heri. Kwako wewe ninaomba kitu kidogo. Mbele ya mizani usiliseme. Pale kwenye mizani tumia kitenzi kinachomtaja aliyeumia, hata kama unakisema kimoyomoyo, na baada ya hapo ukiona bado unaweza kumimina yale maji, mimi sitakuwa na la kukuambia zaidi.

Yale magunia matatu yaliyobaki kwenye kona, usiyamwage. Yaanike kwanza kwenye turubai yakauke, kisha chukua ile kalamu ya wino mzito uandike ubavuni SUPA NA SARO, CHENGA IMO, na uweke bei yake. Wapo watu wa kununua, wafugaji na wenye familia kubwa, na wataushukuru kwa bei hiyo. Bosi akikuuliza, mlete kwangu, baba yake tulicheza naye mpira. Na kwa mama wa stendi uende kesho wewe mwenyewe, usitume mtoto. Nenda kabla hajabandika sufuria. Mbebee kilo za Supa safi ulizompunguzia, mpe shikamoo, umwambie, “Mama, nilikuchanganyia mchele na nikautia maji.” Akikutukana, ngoja amalize, kisha umsaidie kupepeta.